Mulot Mpaka Nairobi kwa Njia ya Kisumu

Kila dereva wa barabara ya Narok na Bomet aijua Mulot. Mto Amala hupita hapo ukiwa safarini kuungana na Nyangores, na maji yao mawili ndiyo yafanyayo Mto Mara. Ni mahali pa mpaka, ambapo Wakipsigis na Wamaasai hukutana sokoni kuuziana mahindi na ng'ombe. Mkulima wa hapo huona eropleni ndogo zikipita juu ya shamba lake zikiwapeleka watalii Maasai Mara. Huinua macho kidogo, kisha huendelea kupalilia. Eropleni ni mambo ya watu wengine. Yeye akitaka kwenda Nairobi hupanda matatu, hupita Narok na Mai Mahiu, na baada ya saa nne hivi amefika.

Nami nilikuwa mmoja wa watu hao mpaka mwezi Machi 2018. Mwezi huo mvua zilinyesha kwa nguvu katika Bonde la Ufa, na karibu na Suswa nchi ikapasuka. Ufa mrefu, wenye kina cha kutisha, ukaikata barabara ya Mai Mahiu na Narok, na magari yakakwama pande zote mbili. Jioni ya siku ya Jumatano tulipata habari kwamba dada yangu, aliyekuwa Nairobi, atapasuliwa tumbo Ijumaa asubuhi. Mama yetu akasema neno moja tu: “Mtoto wangu hataingia chumba kile kabla sijamshika mkono.”

Palikuwa na njia ya kuzunguka kwa Nakuru, lakini safari hiyo ni ndefu, na magoti ya mama hayawezi kukunjwa garini kutwa nzima. Ndugu yangu wa Nairobi akatununulia tikiti mbili za ndege ya Kisumu, ya Alhamisi alasiri, akatuletea habari zake kwa simu.

Mama hakukataa, ila alinyamaza, nami nilijua sababu yake. Tarehe 10 Juni 2008 ndege ndogo iliyotoka Nairobi kwenda Kericho ilianguka katika nchi ya Narok. Waliokufa ni Bwana Kipkalya Kones, Waziri wa Barabara na Mbunge wa Bomet, na Bibi Lorna Laboso, Waziri Msaidizi na Mbunge wa Sotik, pamoja na rubani na mlinzi wao. Bomet na Sotik zilifiwa siku moja. Mama alikuwa miongoni mwa maelfu waliokwenda kulia. Tangu siku hiyo, kila aliposikia mngurumo juu ya boma letu, alisimama mpaka ulipokwisha.

Tuliondoka Mulot kabla ya mapambazuko. Tulipita Longisa, Bomet, Kaplong na Litein, na mara tukaingia katika nchi ya chai. Msomaji ambaye hajafika Kericho, na afahamu kwamba mashamba yale yamekatwa juu yakawa sawa kama mkeka, na kijani chake hakina mwisho. Karibu na mji wa Kericho kiko kiwanja kidogo cha ndege cha Kerenga, katikati ya chai, nacho hutumiwa na ndege ndogo za kukodi. Mama aliuliza kwa nini tusipande hapo, tukaepuka kuteremka mpaka ziwani. Nikamwambia kwamba ndege ya kukodi ni ya mwenye mali nyingi, bali ya Kisumu huchukua watu wengi kama basi, na kila mmoja hulipa kiti chake.

Kisumu si mgeni wa mambo ya hewani. Mwaka 1931 kampuni ya Imperial Airways ya Uingereza ilianza kuleta barua kutoka London mpaka Afrika ya Mashariki, na ndege zake zilizoelea majini zilikuwa zikishuka juu ya ziwa hapo Kisumu. Wazee wa siku zile waliona chombo kikitoka mbinguni na kutua majini kama bata. Baadaye kiwanja cha nchi kavu kikakua, na katika miaka ya 2011 na 2012 kikapata jengo jipya na cheo cha uwanja wa kimataifa.

Tulifika saa sita mchana. Hapo ndipo tulipopata shida ya kwanza, na kosa lilikuwa letu wenyewe. Ndugu yangu aliandikisha tikiti ya mama kwa jina ambalo watu wote wa Mulot humwita, lakini kitambulisho chake kina jina la ubatizo na jina la marehemu baba. Karani akalinganisha karatasi mbili, akatikisa kichwa. Mama akaniangalia, na katika macho yake niliona furaha kidogo, kana kwamba Mungu amempa sababu ya kurudi nyumbani. Lakini karani yule alikuwa kijana mwenye adabu. Alipiga simu, akauliza maswali mawili matatu, akarekebisha jina. Akasema, “Nyanya, siku nyingine waambie watoto waandike kama kitambulisho kinavyosema.”

Shida ya pili ilikuwa kibuyu. Mama alibeba mursik kwa ajili ya binti yake, akakishika kifuani kama mtoto. Askari wa kike wa ukaguzi akauliza ndani mna nini. Mama akafungua kizibo, akamwambia anuse. Yule mama askari akacheka, akasema, “Mama, hii naijua, mimi ni mtu wa Kapkatet.” Akatueleza kwamba juu angani hewa hupungua nguvu, na maziwa yaliyochacha yaweza kusukuma kizibo na kumwagikia abiria wengine. Basi tukapunguza kiasi, tukafunga kizibo kwa kitambaa na mfuko.

Tukaketi tukingoja. Saa tisa mawingu meusi yakainuka upande wa Nandi na Kericho, na radi ikaanza. Watu wa kwetu wanaijua mvua ya mawe, jinsi iwezavyo kuchana majani ya chai katika robo saa na kumwacha mkulima bila mavuno. Katika miaka ya 1960 na 1970 ndege zilitumwa kuingia katika mawingu hayo na kutia dawa, ili kupunguza mawe yasiangukie chai. Jambo hilo lilinifundisha kwamba marubani hawalidharau wingu la Kericho. Tukaambiwa ndege haitaondoka mpaka dhoruba ipite.

Mama akasema, “Mwanangu, twende nyumbani. Hata mbingu inakataa.”

Sikuwa na jibu. Karibu nasi palikuwa na mzee mmoja, mwalimu aliyestaafu, ambaye alikuwa amesafiri mara nyingi. Alimwamkia mama kwa heshima, akasema hivi: “Mama, usiogope wanapokungojesha. Ogopa wale ambao hawangoji. Mtu akiukuta mto umejaa akaketi ukingoni, huyo ni mwoga au ana akili?” Mama akafikiri kwa muda. Mtu aliyekaa miaka yake yote kando ya Amala anajua mto uliojaa ni nini. Akajibu, “Ana akili.” Akaketi tena.

Saa kumi na moja wingu likasogea, tukaitwa. Ndege yenyewe ilikuwa na mapanga mawili, moja kila bawa, na viti vingi kuliko basi. Mhudumu akamfunga mama mkanda. Tulipoanza kukimbia njiani mama alinishika mkono kwa nguvu hata kucha zake zikaniumiza. Kisha kishindo cha magurudumu kikakoma. Chini yetu pakawa ziwa lenye rangi ya fedha, na mashua ndogo kama punje za mtama.

Masikio yakaziba. Nikamwambia mama ameze mate na kupiga miayo, kama yule mwalimu alivyotufundisha, nayo yakafunguka. Tukapita juu ya mabonde ya miwa, kisha nchi ikainuka, tukaiona chai. Mama akainamia dirisha. Njia yote tuliyoihangaikia tangu alfajiri, milima na kona na mashimo, ilikuwa sasa kama kitambaa kimoja kilichotandikwa. Akauliza, “Mulot iko wapi?” Nikamwonyesha kusini, ambako mawingu yalifunika. Hakusema neno, ila midomo yake ilikuwa ikienda polepole, nami nikatambua kwamba anaomba. Baadaye aliniambia kwamba aliwaombea wale wa mwaka 2008, kwa sababu alidhani hajapata kuwa karibu nao hivyo.

Baada ya dakika 45 hivi tulikuwa Nairobi. Usiku ule mama alimshika binti yake mkono, na mursik ilifika bila kumwagika, ijapokuwa dada hakuruhusiwa kuionja kabla ya kupasuliwa. Aliionja siku kadhaa baadaye, alipopata nafuu.

Ndugu msomaji, sisemi kwamba kila mtu wa Mulot aache matatu apande ndege. Ukihesabu saa za kwenda Kisumu na saa za kungoja, utaona kwamba barabara ya Narok ikiwa nzima hukufikisha upesi zaidi, kwa fedha kidogo. Maana kwenda Kisumu ni kuipa Nairobi kisogo. Lakini siku njia ikikatika na jambo likiwa la lazima, yafaa kujua kwamba mlango mwingine upo. Jina la tikiti na liwe sawa na la kitambulisho. Fika mapema. Chakula cha majimaji kifungwe vizuri. Na ukicheleweshwa kwa ajili ya mvua, ngoja kwa moyo mtulivu.

Mama alirudi nyumbani kwa barabara, baada ya ufa wa Suswa kujazwa mawe. Alipoulizwa sokoni habari za eropleni, alijibu kwamba ni chombo kizuri, lakini hakisimami Narok mtu akanunua ndizi. Hata hivyo nimemwona tangu siku ile. Mngurumo ukipita juu ya shamba, hasimami tena kwa hofu. Huinua kichwa, hutazama, halafu huendelea na kazi yake.