Karatasi ya Katikati

Karatasi nzuri kuliko zote za kukunjia hapa mjini ni ile ya katikati ya mfuko wa saruji. Nimejaribu za kila aina, kwa hiyo katika hili niamini. Gazeti ni laini mno; ukilikunja mara sita linachoka, kona zinaanza kutoboka. Kalenda ya mwaka uliopita inavutia kwa rangi, lakini karatasi ya kung'aa ikikunjwa rangi inapasuka na kuacha mstari mweupe kama kovu. Ile ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara inatii sana, ila ni ndogo, na mimi sivuti, inabidi niwaombe masela kijiweni wanitunzie. Ukurasa wa daftari ni wa kujifunzia tu. Lakini mfuko wa saruji wenye karatasi tatu, bwana wee! Ya nje ina maandishi, ya ndani ina vumbi, ya katikati ni safi, ya kahawia, ngumu, na ikishakunjwa haisahau. Siku hizi mifuko mingine inafumwa kwa plastiki, basi ukiuona wa karatasi usiuache. Nyumba ikianza kujengwa mtaani kwetu Manzese, wenzangu wanawaza kibarua, mimi nawaza karatasi.

Ndugu msomaji, ninachokuhadithia ni mchezo ambao Wajapani wanauita origami. Jina lenyewe halina maajabu: ni kukunja na karatasi, basi. Unachukua karatasi moja ya mraba, unaikunja mpaka iwe mnyama, ua, sanduku, chochote, bila gundi wala mkasi. Wapo wanaoushika mwiko wa mkasi kana kwamba uliteremshwa kutoka mbinguni. Mimi siwafuati sana, kwani kitabu kilichochapwa Kyoto mwaka 1797, kinachofundisha kukunja korongo wengi walioungana midomo na mabawa, kinataka karatasi ikatwe kwanza. Na sisi wenyewe tumekunja tangu utotoni. Nani hajakunja ndege akairusha mwalimu alipogeukia ubaoni? Nani hajatengeneza mashua ikaenda na maji ya mtaro wakati wa masika? Muuza karanga anayeviringisha ukurasa wa daftari ukawa kama pembe, akaujaza, akaufunga juu kwa kidole kimoja, huyo ni fundi, tena hajijui kama ni fundi.

Kitabu changu nilikipata Posta, kwenye vitabu vya mitumba vilivyotandazwa chini pembeni mwa barabara. Nilikuwa natafuta riwaya. Hiki kilikuwa chembamba, hakina jalada, Kijapani kitupu, na muuzaji mwenyewe alikuwa amekishika kichwa chini miguu juu. Nikatoa elfu moja. Kijapani sijui hata salamu. Lakini usiku ule ule nilikuwa nimeshatoa kofia, kichwa cha mbwa, na kikombe kilichoshika maji kweli. Dada yangu ni shahidi.

Hapo ndipo niliponaswa. Wewe unayeficha mswada chini ya godoro utanielewa. Nilikuwa nimesoma kitabu cha lugha nisiyoijua, nikakielewa chote. Mstari wa vikato vidogo vidogo maana yake kunjia kwako, iwe bonde. Mstari wa vikato na nukta maana yake kunjia nyuma, iwe mlima. Mshale unakuonyesha karatasi inakwenda wapi. Alama tatu nne hizo, na Mjapani, Mbrazili na mtoto wa Manzese wote wanafika mahali pamoja. Mimi naandika Kiswahili, lugha ya watu mamilioni, na bado jirani yangu anasoma hadithi yangu akaniuliza, "Sasa huyu alikufa au alisafiri?" Niliona wivu, sifichi.

Aliyebuni msingi wa alama hizo ni Akira Yoshizawa. Alizaliwa mwaka 1911 katika familia ya wakulima. Akiwa na miaka 13 alishakuwa mfanyakazi wa kiwanda Tokyo. Baadaye akapandishwa kuwa mchoraji wa mitambo, akawa anawafundisha vijana wa pale jiometria kwa kuwakunjia karatasi. Mwaka 1937 akaacha kazi. Hebu lipime jambo hilo: mwanaume wa miaka 26 anaacha mshahara ili akunje karatasi. Kilichofuata ni miaka mingi ya ufukara, akila kwa kuuza kitoweo mlango kwa mlango. Halafu jarida moja la picha likamwomba awakunjie wanyama 12 wa kalenda yao ya kale, picha zikatoka Januari 1952, na jina likapaa. Kitabu chake chenye zile alama kikatoka mwaka 1954, na mwaka 1955 kazi zake zikawa kwenye makumbusho huko Amsterdam. Alifariki tarehe 14 Machi 2005, siku aliyotimiza miaka 94. Alikunja makumi ya maelfu ya vitu, na hakuviuza. Aligawa au aliazimisha. Watu wakimsimulia huyu mzee wanakimbilia Amsterdam. Mimi nabaki kwenye ile miaka ya kitoweo.

Sasa korongo. Kila anayeanza mchezo huu lazima apite kwa korongo, kama fundi cherehani anavyopita kwenye kushona foronya. Unakunja kona kwa kona, unafungua. Unageuza, unakunja ubavu kwa ubavu, unafungua. Halafu unaikusanya yote iwe mraba mdogo wa matabaka. Mpaka hapo hata mtoto anaweza. Kisha inakuja hatua ambayo kitabuni imechorwa kwa mshale mmoja tu wa kupanda juu. Unainua tabaka moja kutoka mdomoni, unalivuta juu, juu zaidi, kupita pale unapodhani litachanika, na ghafla kuta mbili za pembeni zinajiingiza zenyewe ndani, kitu kinakuwa chembamba na kirefu kama jani la mwembe. Siku nne nilikaa na mshale ule. Siku ya tano mikono ilielewa kabla yangu. Sijawahi kunywa pombe, lakini nadhani ndivyo wanavyojisikia. Nilikunja wengine kumi na moja usiku ule nisije nikasahau, kila mmoja nikipita pale pale, na kila mara karatasi ikijiingiza ndani, mwili unanisisimka. Hiyo ndiyo raha yenyewe, hakuna siri nyingine. Ni raha ya kuona kitu kinatii.

Nije kwa shemeji yangu. Nimekaa kwake tangu nimalize kidato cha nne, mwaka wa sita huu, na sina neno baya juu yake. Ni konda wa daladala. Anatoka saa kumi alfajiri, anarudi usiku sauti imemkauka. Usiku mmoja akanikuta nimekaa chini ya taa na wanawe wamenizunguka. Akavua viatu, akasema taratibu, bila hasira, "Shemeji, mwanaume mzima anakunja karatasi. Hiyo inaleta nini?"

Nilijaribu kumjibu kisomi. Nikamwambia habari za Mjapani aitwaye Koryo Miura, aliyebuni mkunjo ambao ukivuta kona mbili karatasi nzima inatanuka, ukisukuma inajikusanya, na mwaka 1995 mkunjo huo ukaenda angani na chombo cha Japani kilichobeba paneli za kunasa nguvu za jua. Nikamwambia habari za Robert Lang, Mmarekani, mtaalamu wa fizikia, ambaye mwaka 2001 aliacha ajira yake akawa mkunjaji wa kudumu. Shemeji akasikiliza mpaka mwisho. "Hao wana roketi," akasema. "Sisi tuna daladala." Halafu akaniambia alichokuwa amekuja nacho: jamaa yake ana duka la vipuri Kariakoo, anataka kijana wa kukaa dukani, asubuhi mpaka usiku, Jumapili nusu siku. Yeye ameshamwomba asubiri mpaka Desemba. "Umalize hicho kitabu chako. Desemba unaanza." Kwa mtu aliyenilisha miaka sita, hiyo ni heshima kubwa, na nimekubali.

Lakini nilimwangalia vidole. Alikuwa anahesabu noti za siku ile, na kila noti ameikunja kwa urefu, mara mbili, imekaa wima kati ya kidole na kidole, elfu upande huu, nyingine upande ule, kwa namna ambayo gizani, gari likiyumba, abiria hamsini wakipiga kelele, anajua iliko kila moja bila kutazama. Sikumwambia kitu. Mtu akirudi amechoka huendi kumwambia kwamba na yeye ni msanii.

Kuhusu kuleta, imewahi kuleta. Mama mmoja mpambaji wa kumbi za harusi aliniagiza maua 300. Nikayakunja, nikalipwa taslimu, dada akanunua unga na mafuta. Sijutii, unga ni unga. Ila kufika ua la themanini mikono ilikuwa inafanya kazi na mimi mwenyewe sipo, nipo mbali nahesabu yaliyobaki. Tangu hapo nimeweka mpaka. Ya kuuza ni maua. Wanyama siwauzi.

Na wanyama ndio wenye akili. Mraba una kona nne, na korongo anazimaliza zote: kichwa, mkia, mabawa mawili. Ndiyo maana mara nyingi hana miguu. Ukitaka nyati, unataka kichwa, pembe mbili, mkia na miguu minne. Hizo ncha nyingine utazitoa wapi wakati karatasi ni ile ile? Lang ana hesabu yake inayopendeza: kila ncha unayoitaka inadai eneo lake kwenye karatasi, lenye umbo la duara. Ncha ya konani inadai robo duara tu, ya ubavuni nusu, ya katikati duara zima. Kwa hiyo kila pembe ya nyati unailipia kwa kitu kingine, mwili unapungua. Nilipoelewa hilo nilirudi kwenye mswada wangu, nikahesabu wahusika wangu wakuu saba, nikaua watatu bila hata mazishi.

Nyati wangu wa kwanza alikuwa na miguu kama ya mbuzi mgonjwa. Kwa mnyama mnene kama huyo kuna njia ya Yoshizawa, ya kutumia karatasi nene iliyoloweshwa kidogo, ukaifinyanga karibu kama udongo, na ikikauka inabaki hivyo. Hapo mfuko wa saruji ndio unapojisifu. Naipaka uji mwepesi wa muhogo upande mmoja, kama ule tuliokuwa tunagundishia tiara, naiacha ikauke, halafu naipitishia kitambaa kibichi. Nyati wa pili alisimama. Yupo juu ya kabati la vyombo, na dada, ambaye kila siku anafagia vipande vyangu kwa kelele kuliko anavyofagia taka nyingine, alipofagia pale alimnyanyua, akapangusa vumbi, akamrudisha alivyokuwa ametazama.

Anayenipa kazi ni binti yao, yuko darasa la tatu. Alikuwa anashindwa pale pale nilipokwama mimi, kwenye ule mshale. Mwezi uliopita nilitoka kuchota maji, narudi namkuta mlangoni amekishika kitu kwa mikono miwili kama kifaranga. "Mjomba, nimeweza!" Korongo. Shingo imenyooka, mabawa sawa, mgongo umevimba vizuri. Nikamsifu, nikamgeuza huku na huku, na kwenye bawa la kushoto nikasoma mwandiko wangu mwenyewe.

Ulikuwa ukurasa wa 61. Nilikuwa nanakili riwaya upya kwenye karatasi za mistari, na ndizo alizoziona mezani. Ameupima mraba kama nilivyomfundisha, kona mpaka ubavuni, akachana kipande cha chini kwa ukucha; kipande chenyewe sikukiona tena. Ukurasa huo ni wa mazishi ya baba yake mhusika mkuu, na kati ya kurasa zote ndio niliokuwa nausoma kwa sauti nikiwa peke yangu. Kwenye kaunta buku la mwanzo sehemu hiyo haipo, nilikuwa nimeitunga palepale wakati wa kunakili.

Ningeweza kumfungua. Karatasi ikikunjwa haipotezi neno. Ningepata robo tatu ya ukurasa, na mtoto angesimama pale ananitazama nikimbomoa korongo wake wa kwanza. Nikamuuliza tumweke wapi. Akasema juu ya mlango.

Usiku nikakaa kuuandika upya kwa kumbukumbu. Kuna sentensi ndefu ya mvua ilinikatalia kabisa, nikaiacha. Kuna maneno ya shangazi mtu yalirudi yenyewe, yote, na mpangilio wake. Jumla ikatoka nusu ukurasa. Sijaulinganisha na ule wa kwanza. Dada amepigilia msumari juu ya fremu, korongo ananing'inia kwa uzi, na upepo ukiingia anageuka, naona "walipofika kaburini", halafu anageuka tena, upande huo hauna maandishi. Nimefika ukurasa wa 143. Desemba bado miezi miwili.