Tulivyofungasha Nyumba ya Shangazi Kericho

Zilikuwa zimebaki siku saba kabla ya Idi ya Mfunguo Tatu, na shule zimefungwa, tulipoondoka Mombasa na watoto wetu wawili kwenda Kericho. Shangazi yetu alikuwa amestaafu kazi ya kuchuma majani chai. Nyumba za mashamba hukaliwa na walio kazini. Ikambidi aurudishe ufunguo kabla ya mwezi kwisha, ahamie chumba alichopanga Litein, kwenye barabara ya kwendea Bomet.

Nchi ile iko kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Vilima vimefunikwa na michai iliyokatwa sawasawa kama zulia, na alasiri mvua hushuka bila kubisha hodi. Wachumaji hurudi na vikapu mgongoni, wakiwa wamejifunga aproni za plastiki.

Nyumba ilikuwa chumba kimoja na jiko, lakini miaka mingi ilikuwa imelundikana ndani yake. Tulitandika mikeka mitatu: wa vitu vya kwenda Litein, wa kutolewa sadaka, na wa kutupwa. Watoto tuliwapa kazi ya kweli, wala si ya kuwapumbaza: mmoja alilinganisha masufuria na vifuniko vyake, mwingine alikagua vifungo na zipu za nguo. Tuliwawekea sharti moja, kwamba nguo isiyofaa kuvaliwa na sisi isitiwe kwenye mkeka wa sadaka.

Siku ya pili kijana wetu akatoa chini ya kitanda koti zito la marehemu mume wa shangazi. Mirathi ilikwisha kugawanywa zamani, na koti lilikuwa katika fungu lake. Shangazi alilipakata, akanyamaza. Kijana akasema, "Bibi, nipe mimi, nitakuwekea." Tulimwuliza atalivaa wapi Mombasa. Hakuwa na jibu. Machozi yalimlengalenga, kwa kuwa babu yake huyo alimpenda mno.

Shangazi hakumkaripia. Alimtoa mlangoni, akamwonyesha shamba lililopogolewa, vijiti vitupu vitupu. Akamweleza kuwa mchai ukiachwa hukua ukawa mti mrefu, mikono isiufikie. Ndiyo maana kila baada ya miaka mitatu au minne hukatwa, na matawi yake huachwa chini yarutubishe udongo. Kisha akamwambia, "Mwanangu, kumbukumbu ya babu yako haikai kwenye koti. Lakini baridi ya alfajiri yakaa kwenye mifupa ya watu."

Jirani alikuwa kijana mgeni kazini, aliyekuwa akitoka alfajiri na sweta lililotoboka. Mwanetu ndiye aliyempelekea koti, kwa mikono yake miwili. Shangazi alibaki na kofia ya marehemu na tasbihi yake.

Tuliporudi nyumbani hatukumwamrisha mtu. Usiku wa pili tulimkuta mwanetu amelifungua kabati lake, ametandika mikeka mitatu. Kwenye ule wa sadaka alikuwa ameweka kanzu mpya ya Idi iliyopita, iliyokuwa ikimwenea bado.

Tulitaka kumwambia aibakishe. Tukakumbuka mafunzo ya dini yetu, kwamba wema hutimia kwa kutoa tunachokipenda, tukaikunja pamoja naye.