Dakika Tano Kisiwani

Sili hatuna. Nilimwambia hivyo mhariri mmoja aliyekuwa ameona picha za sili wa Afrika Kusini wakizaa juu ya mawe, wamejazana kama abiria wa matatu ya jioni, akataka kujua kama pwani yetu kuna kitu kama hicho. Sili wanapenda maji baridi. Hapa kwetu bahari ni chai. Lakini nilikuwa nadaiwa kodi ya miezi miwili, kwa hivyo nikamwandikia: sili hapana, ila kuna buabua.

Buabua ni ndege wa baharini, jamaa wa shakwe, wembamba, mkia umepasuka kama wa mbayuwayu. Kati ya Julai na Oktoba huja kuzaa Whale Island, kijisiwa cha mwamba wa matumbawe pale Watamu, karibu na mdomo wa Mida Creek. Kiko ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa 1968. Wako aina mbili. Wa mgongo mweusi hutaga ndani ya nyufa za mwamba. Weupe hutaga peupe kabisa, na msimu huu mdomo wao mweusi hugeuka mwekundu, kama waliopaka lipstiki kwenda sherehe.

Kamera niliazima kwa binamu yangu anayepiga picha za harusi. Lenzi yake inafaa bibi harusi, haifai ndege. Ukitaka ndege lazima usogee.

Nahodha alikuwa mzee mpole. Nilimwamkia, akaitikia, akaniambia kabla injini haijawaka: "Mwanangu, juu hatupandi. Wana mayai."

Mwisho wa Agosti kusi bado lina nguvu. Boti ilipanda na kushuka, na kila picha ikatoka ukungu. Nikaanza kulalamika. Nikamweleza habari za kodi, za chuo nilichoacha mwaka wa pili karo ilipokwama, mambo ambayo hata mama yangu huwa simwambii yote. Leo naona nilikuwa namuuzia huruma. "Baba, dakika tano tu."

Akatazama kisiwa, akanitazama. "Tano. Nahesabu mimi."

Nilipoweka mguu juu ya mwamba, waliruka wote kwa pamoja. Kelele kama mabati yanapasuliwa. Anga ikawa nyeupe, midomo myekundu kila upande, wengine wakinishukia kichwani. Nilibonyeza bila hata kuangalia. Sijawahi kupiga picha nzuri kama zile.

Kisha nikatazama chini. Yai lilikuwa hatua moja kutoka kwa kiatu changu, rangi ya jiwe, madoadoa, juu ya mwamba mtupu. Hakuna jani, hakuna unyasi. Nikaweka kiganja kwenye mwamba nikakitoa haraka. Ilikuwa saa tano asubuhi. Mimi nilidhani ndege hulalia yai kulipa joto. Hapa mama na baba hupokezana kulikinga lisiive.

Kunguru akaja kutoka bara, wale wenye shingo ya kijivu wanaoiba chapati kwenye meza za hoteli. Hakuwa na haraka. Alichagua, akachukua, akaenda zake.

Nahodha hakupiga kelele. Alipiga mluzi mmoja, nikashuka.

"Ngapi?" aliniuliza nikiwa nimekaa.

"Moja. Niliyoiona."

Hakusema kitu. Alisogeza boti mbali, akazima injini, tukangoja. Walirudi mmoja mmoja, kila mmoja akijua pake kwenye jiwe ambalo kwangu lilikuwa sawa lote. Mmoja alisimama juu ya yai lake, mabawa ameyalegeza kidogo, kivuli chake kimelifunika. Nikampiga picha. Alikuwa mdogo sana kwenye fremu.

Hiyo ndiyo niliyotuma. Mhariri akajibu siku hiyo hiyo: "Poa, lakini ndege haonekani vizuri. Hauna moja wakiruka?"

Nilikuwa nazo arobaini na mbili. Nikamwandikia sina. Akaichukua ile kwa nusu ya bei, na mwenye nyumba akakubali kupokea mwezi mmoja kwanza.

Ijumaa nilirudisha kamera. Binamu yangu alikuwa na harusi Kilifi kesho yake, akaifuta kadi yote papo hapo bila kuniuliza. Nilikuwa nimesimama karibu naye.