MLIMA WA MUNGU NI WA NANI?



Kwa uwezo wa Allah (S.W.), walimu na wanafunzi wakubwa wa hapa Mukendo tulizuru Ol Doinyo Lengai, karibu na Ziwa Natron. Ni volkeno hai, iliyolipuka kwa nguvu mwaka 2007. Uji wake wa moto hutoka mweusi, na ukishapoa hugeuka mweupe.

Wamasai huuita Mlima wa Mungu. Mwanafunzi mmoja akauliza, mzee wa Kimasai aliyetuongoza akisikia: "Ustadhi, jina hili si shirki?"

Tukamweleza kuwa Wagiriki wa kale waliuona moto wa mlima Etna, katika kisiwa cha Sicily, wakasema chini yake mungu wao Hephaestus anafua chuma. Kumpa kiumbe uungu ndiyo shirki. Ama mlima kuwa wa Mungu, upi usio Wake?

Mzee akasema: "Sisi hatuliombi jiwe. Tunamwomba Mwenyewe."

Wanafunzi wapenzi, Suratul An'am aya ya 108 inatukataza kutukana wanaoabudiwa na wengine. Basi tuilinde tawhidi yetu, na ulimi wetu tuulinde pia. Ulizeni kwa adabu kabla ya kumhukumu jirani.

Wabillahi tawfiq.