Wimbo Uliokuja na Gari

Mwenyekiti wa chama chetu aliniomba niandike juu ya "vijana na muziki", nami nikakubali upesi nikidhani ni kazi rahisi. Wiki nzima nilikaa na kalamu mdomoni. Mwishowe nimeamua kuandika juu ya muziki ambao si wa vijana, tena wa lugha nisiyoijua hata neno. Nisameheni.

Kazi ya mjomba wangu ni kuyatoa magari bandarini Kilindini na kuyapeleka yadi. Mengi ni ya Japani, yaliyokwisha tumiwa huko, na sheria yetu haiyakubali yaliyozidi miaka minane. Kila aliyepata kupanda gari la namna hiyo anamjua yule mama wa ndani. Ukiwasha tu, hata mlango hujafunga, anakusemesha Kijapani kwa adabu kubwa. Miaka yote nilidhani anatoa salamu, na nilipokuwa mdogo nilikuwa nikimwitikia (msinicheke). Kumbe anamwambia dereva kwamba kadi ya kulipia barabara haijatiwa! Barabara yenyewe iko huko kwao, yeye keshafika Mombasa, na bado aulizia kadi.

Siku moja mjomba alikuja nyumbani kwetu Kibokoni na CD mkononi. Mwenye gari, mtu wa Nairobi, aliikuta ndani ya redio akasema itolewe, itupwe. Mjomba hatupi kitu. Akampa bibi, naye bibi akaitia katika redio yake kubwa ya kaseti, ambayo kwa kawaida haiimbi ila Juma Bhalo na Zein l'Abdin.

Wimbo wa kwanza ulikuwa wa mwanamke. Sauti ilianza chini, ikapanda polepole, ikafika mahali ikatetemeka kama ya mtu anayezuia kilio. Bibi aliacha kuchagua mchele.

"Huyu ameondokewa," akasema.

"Kwani bibi wakijua Kijapani?"

"Kijapani sikijui. Kuondokewa nakujua."

Nilicheka siku ile. Lakini niliichukua ile CD shuleni nikamsikilizisha mwalimu wetu mmoja ambaye hapitwi na jambo. Wimbo wa saba ukiusikia mara ya kwanza huoni huzuni yoyote, una mdundo wa mtu anayetembea, na katikati mwimbaji anapiga mluzi. Mwalimu aliposikia ule mluzi akatabasamu. Akasema mwimbaji ni Kyu Sakamoto, na jina la wimbo, Ue o Muite Aruko, maana yake ni kutembea huku umeinua uso juu. Ulitoka mwaka 1961. Mwaka 1963 ulishika nafasi ya kwanza Marekani, nao ni Kijapani kitupu, ila wauzaji waliona jina ni gumu wakaubandika "Sukiyaki", ambacho ni chakula cha nyama! Hebu fikirini wimbo wa Zuhura Swaleh wa mtu aliyeachwa uuzwe Ulaya kwa jina la "Biriani".

Huyo mtembezi ameinua uso ili machozi yasimwanguke. Nilidhani basi, ameachwa na mpenzi, mambo ya kawaida. Mwalimu akatikisa kichwa. Maneno yalitungwa na Ei Rokusuke, na mwaka 1960 huyo alikuwa miongoni mwa maelfu ya Wajapani waliojitokeza barabarani Tokyo kuupinga mkataba wa ulinzi kati ya nchi yao na Marekani. Mkataba ukapita vivyo hivyo. Uchungu wa kushindwa kule ndio aliouweka katika wimbo, wala hakuutaja mkataba hata mara moja. Kwa hivyo wapenzi wote duniani wakauimba wakidhani wanasemwa wao. Sakamoto mwenyewe alifariki Agosti 1985, akiwa na miaka 43, katika ajali ya ndege iliyoua watu 520.

Nilipomweleza bibi habari za mkataba hakushangaa hata kidogo. Sisi watu wa Mvita fumbo ni letu. Juma Bhalo, aliyetutoka mwaka 2014, alizoea kuchukua mahadhi ya sinema za Kihindi akayavika maneno ya kwetu, na baadhi ya maneno hayo yalitoka kwa Ahmad Nassir, mwenye Malenga wa Mvita. Bibi akizisikiliza kaseti hizo huinua kidole: "Hapa asemwa mtu, lakini si huyo unayemdhani." Wako wenzetu chamani wanaosema taarabu ni mipasho tu, wanawake kurushiana maneno harusini. Mipasho nayo ina utamu wake, sikatai. Lakini anayesema hivyo hajakaa na kaseti moja kutoka mwanzo hadi mwisho, na namwalika nyumbani kwetu.

"Hata hivyo, bibi," nikasema, "Wajapani wako mbali mno na sisi."

Ndipo aliponicheka yeye. Akaniuliza kama nimepata kukiona kile kinanda cha harusi chenye vitufe. Nimekiona, nanyi wengi mmekisikia ingawa hamkijui jina. Kina nyuzi, lakini hubani nyuzi kwa vidole kama udi. Mkono wa kushoto wabonyeza vitufe kama vya taipureta, wa kulia wazikwangua nyuzi, na sauti yake ni kali, yenye mlio wa bati kidogo. Hiyo ndiyo taishokoto. Ilibuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912 na Morita Goro, mwanzoni mwa enzi ya mfalme Taisho, nalo jina limetoka hapo. Ikapanda meli ikafika India, ikafika Indonesia, ikafika na pwani yetu, na katika taarabu ya Zuhura Swaleh hapa Mombasa inasikika waziwazi. Bibi alikuwa akiichezea harusini tangu ujana wake. Yeye alijua ni kitu cha Japani, mimi mwenye kusoma sikujua.

Mwalimu aliniambia kwamba nyimbo kama ile ya kwanza, ya mwanamke, kwao huitwa enka, nazo zimejaa bandari, meli, mvua, na mtu aliyebaki gatini. Nilipopita Bandari ya Kale jioni ile nilisimama kidogo. Majahazi yalikuwa yakija hapa na kaskazi kutoka Arabuni na Ghuba, yanakaa miezi, kisha kusi ikianza yanarudi, na ndani yake mabaharia ambao pengine walikwisha oa hapa Mji wa Kale. Mke alijua tangu siku ya harusi ni upepo gani utakaomchukua mumewe. Majahazi yamepungua sana. Safari ya Maskati bado iko, ila siku hizi huanzia uwanja wa ndege wa Moi, na tunaoondoka ni sisi.

Mamangu yuko Maskati. Hapa ndipo nilipokuwa napaogopa tangu nilipoianza insha hii.

Aliondoka miaka miwili iliyopita, ndege ya usiku. Alikuwa ameniahidi kwamba hataenda mpaka nimalize Kidato cha Nne, na kilichomtoa ni karo yangu mwenyewe, kwa hivyo nilimkasirikia yeye nikajikasirikia na mimi. Saa nane za usiku akaja akaketi ukingoni mwa kitanda changu. Nilikuwa macho. Nikafumba, nikavuta pumzi ndefu ndefu kama mtu aliye usingizini. Akaniita mara moja, kwa sauti ya chini. Sikuitika. Akaniwekea mkono kichwani, akanisomea dua, akatoka. Nikasikia begi likiburutwa uchochoroni, nikasikia mjomba akiwasha gari, na yule mama wa Kijapani akaulizia kadi yake.

Asubuhi bibi hakusema neno. Alitia kaseti ya Bhalo, na wiki nzima ikawa ni ile ile, upande ule ule, ukiisha airudisha nyuma. Siku ya nne nikamwambia, "Bibi, si ubadilishe?" Akanitazama tu. Siku ya saba akaitoa mwenyewe, akaifuta vumbi kwa leso, akairudisha kabatini.

Mama hupiga simu Ijumaa, siku yake ya kupumzika. Tunazungumza juu ya karo, bei ya unga, kikohozi cha bibi. Usiku ule hatukuugusa, si mimi si yeye. Basi Ijumaa moja akapiga na ile CD ilikuwa inaimba.

"Kelele gani hizo?"

"Ni wimbo wa Kijapani, mama. Mjomba ameutoa ndani ya gari."

"Yuasemani?"

Maneno ya wimbo ule mpaka leo siyajui, na mwalimu hayajui pia. Lakini nilimjibu kama mtu aliyesomea: "Yuasema mamake alisafiri usiku, naye akajifanya amelala ili asimuage. Sasa yuajuta."

Simu ilinyamaza hata nikadhani imekatika. Yule mwanamke naye alikuwa ndiyo kwanza anapanda, kule anakotetemeka. Bibi, aliyekuwa ameketi kando yangu, akajitia kutafuta miwani yake, nayo alikuwa ameivaa.

"Mwambie huyo mwimbaji," mama akasema, "mamake aliziona kope zake zikicheza."

Kisha akauliza kama bibi amekunywa dawa.