Je, Uhasibu ni Kujua Kujumlisha Tu?

Ndugu msomaji, tangu nianze kusomea shahada ya uhasibu watu hawaishi kuniuliza swali moja. Wananiuliza dukani hapa Gando, wananiuliza garini nikienda Wete, hata baada ya Misa: "Mwalimu, hesabu si unazijua tayari? Si wewe uliyekuwa ukiwafundisha watoto kujumlisha na kutoa? Sasa wasoma nini tena miaka yote hiyo?" Swali hili si la kijinga. Naona yafaa kulijibu hapa gazetini, maana wako wazazi wengi wenye mtoto aliyemaliza kidato cha sita, naye ataka uhasibu, nao hawajui hasa wanaombwa kulipia kitu gani.

Mimi ni karani wa parokia. Nilisomea ualimu chuoni, nikafundisha miaka kadhaa, kisha nikaitwa kwenye kazi hii ya vitabu vya ubatizo na ndoa, pamoja na daftari la fedha. Nyumba yangu iko Gando, kaskazini-magharibi ya kisiwa cha Pemba. Jirani zangu karibu wote ni Waislamu, wakulima wa karafuu na mihogo, na wavuvi. Twakaa kwa salama. Mchana nafanya kazi, usiku nasoma kwa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kile kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 ili mtu apate elimu ya juu bila kuacha kazi wala kuhama kwake. Mama watoto alikubali kwa sharti moja, kwamba ada yangu isiguse fedha ya shule ya watoto. Sharti hilo limenifanya niache mengi, sigara ikiwa ya kwanza.

Basi, msimu wa karafuu uliopita ulipokwisha, alinijia mzee mmoja jirani yangu. Binti yake amefaulu kidato cha sita na ataka kusoma uhasibu chuo kikuu. Mzee ana mikarafuu aliyorithi kwa baba yake, na mtu mmoja amekwisha mwambia atainunua sehemu yake kwa fedha taslimu. Akaniuliza, "Mwalimu, niuze?"

Sikumjibu ndiyo wala siyo. Nilimwomba kwanza anieleze msimu wake ulivyokwenda, maana mwaka huo, mbali na mikarafuu yake, alikodi pia shamba la mtu mwingine. Mwenyewe ameniruhusu kulieleza jambo hili. Tarakimu nimezibadili ziwe nyepesi, tena asijulikane.

Alianza na shilingi 2,000,000 mkononi. Kodi ya shamba alilipa 1,200,000. Wachumaji aliwalipa 600,000, na bado wanamdai 150,000. Alinunua majamvi mapya ya kuanikia kwa 200,000. Zilipokauka, akapata kilo 200. Kilo 180 alizipeleka kituoni kwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, na tuseme kila kilo ilinunuliwa kwa 14,000, akapokea 2,520,000. Kilo 20 zimo ndani ya magunia chumbani kwake.

"Nilianza na milioni mbili," akasema, "sasa nina milioni mbili na laki tano na ishirini elfu. Nimepata faida laki tano na ishirini."

Wewe msomaji wasemaje? Kwa hesabu ya shule ya msingi mzee hakukosea hata senti moja. Walakini jibu silo. Yale majamvi hayakwisha msimu huu. Yatafaa misimu 4, kwa hiyo msimu huu yametumika ya shilingi 50,000 tu. Wachumaji wanaodai ni gharama ya msimu huu, walipwe leo au kesho, kwa hiyo uchumaji ni 750,000. Kodi, uchumaji na majamvi, jumla yake ni 2,000,000 kwa kilo 200, ndiyo kusema kila kilo ilimgharimu 10,000. Kilo 180 alizouza zilimgharimu 1,800,000. Toa hiyo katika 2,520,000: faida ni 720,000.

Mzee aliduwaa. "Hizo laki mbili zaidi ziko wapi? Mbona sizioni?" Tukazitafuta pamoja. Zile kilo 20 chumbani ni mali ya 200,000. Majamvi yaliyosalia ni mali ya 150,000. Toa deni la wachumaji, 150,000. Zinabaki 200,000 kamili! Alicheka, akaenda kuyatazama majamvi yake kana kwamba hajapata kuyaona.

Hiyo, ndugu msomaji, ndiyo kazi ya uhasibu. Kujumlisha kunafanywa na mashine siku hizi, hata simu ya mkononi yajumlisha. Mhasibu hufundishwa kujua kitu hiki ni mali au ni gharama, ni cha mwaka huu au cha mwaka ujao, ni changu au ninakidaiwa.

Kanuni yake ya msingi ni ya zamani sana. Kila shilingi huandikwa mara mbili, ilikotoka na ilikokwenda, na pande mbili za daftari sharti zilingane. Wafanyabiashara wa Italia walikuwa wakiandika hivyo siku nyingi, lakini aliyeieleza kanuni hiyo kwa urefu katika kitabu kilichopigwa chapa alikuwa mtawa wa Shirika la Mtakatifu Fransisko, Luca Pacioli, mwaka 1494, mjini Venezia. Naye aliwaagiza wafanyabiashara waanze vitabu vyao kwa jina la Mungu. Nilipolisoma jambo hilo usiku, taa ikiwa karibu kuzima, nilifurahi peke yangu.

Katika shahada, kanuni ile hupanuliwa. Mwanzoni mwanafunzi hujifunza misingi ya uandishi wa hesabu, uchumi, sheria za biashara na takwimu. Baadaye huja hesabu za makampuni, hesabu za gharama, kodi za serikali, na ukaguzi. Ukaguzi ndio ulionipendeza kuliko yote, maana watufundisha kwamba daftari laweza kulingana pande zote mbili na bado likawa na uongo ndani yake. Mtu akiandika safari yake mwenyewe kama safari ya ofisi, jumla haitaonyesha kitu. Sharti utafute stakabadhi, uulize nani aliidhinisha, na kama aliyeidhinisha ndiye huyo huyo aliyechukua fedha. Tangu hapo, katika ofisi yetu anayehesabu sadaka si yeye anayezipeleka benki, na hesabu hutiwa sahihi na watu wawili. Hapana aliyelalamika. Baba Paroko mwenyewe asema sasa analala vizuri.

Kwa shahada hii njia ni nyingi. Huku Zanzibar kiko Chuo Kikuu cha Taifa, SUZA, ambacho mwaka 2016 kiliunganishwa na Chuo cha Uongozi wa Fedha cha Chwaka. Dar es Salaam kiko Chuo cha Usimamizi wa Fedha, kilichoanzishwa mwaka 1972. Arusha kuna Chuo cha Uhasibu, na Mwanza kuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, ambacho mizizi yake ni kile chuo cha Nyegezi kilichoanzishwa na Kanisa mwaka 1960. Kwa kawaida masomo ni miaka 3 kwa anayesoma mchana. Sisi wa usiku hatuna haraka hiyo.

Lakini mzazi asidanganywe. Shahada peke yake haimfanyi mtoto wako kuwa mhasibu aliyethibitishwa na kusajiliwa kwa cheo hicho. Iko Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1972, nayo ina mitihani yake, na hiyo ni migumu. Tena kazi hazingoji mlangoni; vijana wenye shahada hii wanaotafuta kazi si wachache. Na mkopo wa serikali, wa bara au wa Zanzibar, ni deni kama deni la wachumaji: hata usipolitazama, lipo.

Sasa, je, mzee aiuze mikarafuu? Nilimwambia maoni yangu. Mkarafuu hukaa miaka kama 6 au 8 kabla ya kuzaa vizuri, kisha huzaa miaka mingi, ingawa mwaka huu huwa mwingi na mwaka ujao haba. Huo ni mtaji. Ada ya chuo ni matumizi ya miaka 3. Akiuza mti apate ada, mwaka wa nne hana mti wala mtoto hana mshahara bado. Bora akodishe mavuno ya sehemu ya shamba kwa msimu, miti ibaki yake, na binti aombe mkopo kwa kile kitakachopungua. Ndugu zake wengine hawakupenda. Wao wangetaka fedha nyingi kwa mara moja. Nami sikusema zaidi, maana shamba si langu.

Lakini binti mwenyewe ndiye aliyenipa tumaini. Alikuwa amekaa kando tukifanya hesabu ile, na baba yake alipokwisha kucheka, akauliza kwa adabu, "Mwalimu, samahani. Kilo 20 za chumbani mbona umeziandika kwa 10,000, na bei ya kituoni ni 14,000?"

Swali hilo mimi nilifundishwa jibu lake chuoni. Yeye alilizua mwenyewe. Nilimjibu kwamba faida haihesabiwi kabla mali haijauzwa, kwa kuwa karafuu zaweza kuota ukungu, na bei yaweza kushuka kesho. Akafikiri kidogo, akasema, "Na bei ikishuka chini ya 10,000 je?" Nikamwambia hapo tutaziandika kwa bei hiyo ya chini. Akaliandika katika daftari lake.

Maombi yake ya chuo na ya mkopo yamekwisha pelekwa. Mikarafuu bado ni ya mzee, na mavuno ya kipande kimoja yamekodishwa kwa msimu ujao. Wachumaji wamelipwa zile 150,000 zao. Majibu tunayangoja, nami nina mtihani wa kodi mwezi ujao, na kitabu chake ni kinene.