Ndege wa Mti Mkavu: Kutoka Mbarara hadi Nakivale

Msafiri atokaye Mbarara asubuhi kwa barabara ya Masaka hupishana kwanza na makundi ya ng'ombe wa Ankole, wenye pembe ndefu kuliko miguu yao, na baadaye huanza kuona migunga. Penye mji mdogo wa Sanga tuliiacha lami, tukaingia Mbuga ya Taifa ya Ziwa Mburo, ambayo ina kilometa za mraba 260 tu. Wengi huja hapa kutazama punda milia. Mimi nilimfuata ndege asiyefikia shibiri moja.

Ndege huyu ni zuwakulu mwenye uso mwekundu. Mwili wake ni mweusi, mdomo wake mnene, na uso wake ni kama umechovywa katika rangi. Mtaalamu wa Kijerumani, Reichenow, alimtangaza kwa mara ya kwanza mwaka 1892. Makao yake duniani ni sehemu hii ya kusini magharibi mwa Uganda, pamoja na Rwanda, Burundi na pembe ya kaskazini magharibi mwa Tanzania. Hula matunda ya mikuyu na wadudu, na huonekana wawili wawili au katika kikundi kidogo.

Nilimwona saa nne, juu ya mgunga uliokufa, na hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Zuwakulu hafumi kiota kwa majani kama mnana. Hutoboa tundu katika tawi au shina kavu, kwa maana mti ulioanza kuoza ndio unaoukubali mdomo wake. Kwa desturi ya jamaa yake, dume na jike huchimba pamoja na kuatamia kwa zamu. Mayai meupe hulala juu ya unga wa mti, bila godoro lolote. Hata humo ndani hawana amani. Wapo ndege wa ukoo wa waonyesha asali ambao hutaga kwa siri katika matundu ya zuwakulu, na kinda lao huzaliwa na ndoana mdomoni, likawaua watoto wa mwenye nyumba. (Nimewahi kupata mpangaji wa namna hiyo, lakini tuyaache hayo.)

Kesho yake nilikwenda Nakivale, katika Wilaya ya Isingiro. Makazi haya ya wakimbizi yalianza mwaka 1958, na miongoni mwa wakazi wa kwanza walikuwa Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya mwaka 1959. Leo wamo zaidi ya watu 100,000: Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo, na Kiswahili husikika sokoni tangu alfajiri. Ziwa Nakivale ni ndugu wa Ziwa Mburo. Yote mawili hunywa maji ya Mto Rwizi upitao Mbarara. Lakini vilima vilivyo juu ya makazi vimebaki na visiki.

Nilimkuta mama mmoja wa Kikongo akifunga mzigo wa kuni, na kati ya kuni hizo palikuwa na tawi lenye tundu la mviringo, safi kama lililotobolewa na fundi. Nikamweleza habari za ndege. Alisikiliza kwa adabu.

"Baba," akasema, "mti mbichi tumekatazwa kukata. Huu mkavu nikiuacha, maharage nitayaivisha kwa nini?"

Sikuwa na jibu. Maharage yanataka moto wa saa nyingi, naye ana watoto sita. Alinionyesha jiko lake la udongo, lenye kuta pande zote na mlango mmoja wa kuni. Kwa mafiga matatu, alisema, mzigo ule ungekwisha kwa siku mbili, lakini jikoni humo hufika siku ya nne. Siku mbili hizo ndizo pekee nilizoweza kumhesabia zuwakulu.

Nilipoaga, alilichomoa lile tawi, akalitazama tundu lake na kuingiza kidole.

"Hamna kitu," akasema, akalirudisha katika mzigo.